Maji Yamefika Same. Majitaka Yaende Wapi?

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi, akiukaribia mji wa Same, huona mambo mawili yasiyofanana. Mkono wake wa kulia imesimama milima ya Upare, ya kijani na yenye ukungu, na kilele chake cha Shengena hupita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mkono wake wa kushoto imelala nyika kavu ya miiba na vumbi jekundu. Pepo zitokazo baharini humwaga mvua yao upande wa mashariki na juu ya milima. Zikivuka na kushuka upande wa Same, huwa zimekwisha kutua mzigo. Kwa sababu hiyo mwananchi wa Same ameishi miaka mingi akiitazama mvua ikinyesha Chome na Mbaga huku ndoo yake ikiwa tupu.

Ndoo hiyo imeanza kujaa. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ambao huchota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huyasafisha, huyasukuma hadi kwenye matangi ya kilima cha Kiverenge, na kutoka huko huyapeleka mijini na vijijini. Mradi huo haukuja kwa urahisi. Ulianza muongo mzima kabla ya kuzinduliwa, ukasuasua, mkataba wa wakandarasi ukavunjwa, na Serikali ikalazimika kuukamilisha kwa njia nyingine. Walioungoja wana haki ya kushangilia.

Lakini katika shangwe hiyo liko swali ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Maji yana safari mbili. Ya kwanza ni ile ya kuja: kutoka bwawani hadi kwenye bomba. Ya pili ni ile ya kuondoka: kutoka jikoni, bafuni na chooni hadi mahali ambapo hayatamdhuru mtu. Safari ya kwanza ina mawe ya msingi, vibao na sherehe. Safari ya pili haina mwenyewe. Na mji unaopata ile ya kwanza bila kuitengeneza ya pili, umejikopesha maradhi ambayo utayalipa baadaye kwa riba.

Jambo hili si la kigeni kwa Wapare. Karne nyingi kabla ya pampu na mita, wazee wa milima hii walijenga ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa mahali pa mteremko na kuzungushiwa ukingo wa udongo. Usiku, mashamba yakiwa yamelala, maji ya kijito huachwa yakajaa humo. Alfajiri tundu la kutolea maji huzibuliwa, na maji yaliyokusanyika hushuka mferejini kwa nguvu ya kutosha kuyafikia mashamba ya mbali, ambayo kijito peke yake kisingeyafikia. Huo ni uhandisi kamili. Maji ya usiku, ambayo yangepotea, yanafanywa kuwa maji ya mchana.

Hata hivyo, ufundi wa ndiva haukuwa katika ukingo tu. Ulikuwa katika utaratibu wake. Kila shamba lina zamu. Wako wasimamizi wanaotambuliwa na wote. Mchanga ukijaa katika ndiva, mbiu ya msaragambo hupigwa, na kila kaya hutoa mtu wa kuchimba. Asiyetokea hutozwa faini. Na jambo la kukumbukwa zaidi ni kwamba mjenzi wa ndiva hakuanza na swali la maji yataingiaje tu. Alijua pia yatatokea wapi, yatapita mfereji gani, na yataishia katika shamba la nani. Ndiva isiyo na njia ya kutokea hupasua ukingo wake na kuyazoa mashamba yaliyo chini. Mipango ya maji ya leo, pamoja na kompyuta zake zote, haijapita hekima hiyo; mara nyingine hata haijaifikia.

Ili kuielewa hatari iliyopo, yafaa kwanza kuifuata safari ya kwanza hatua kwa hatua.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na kuudhibiti mto Pangani. Hulishwa na mito miwili mikubwa, Kikuletwa na Ruvu. Kikuletwa hukusanya maji ya miteremko ya Meru na ya Kilimanjaro. Mto Themi, unaopita katikati ya jiji la Arusha, huishia humo. Mto Karanga, unaopita kando ya Moshi, nao hupeleka maji yake upande huo huo. Maana yake ni kwamba bwawa ambalo Same inakunywa liko chini ya miji miwili mikubwa, mashamba ya mpunga na miwa, na vijiji vingi visivyo na idadi ndogo ya mifugo. Mbolea inayosombwa na mvua, povu la sabuni, na kila kinachotoroka katika makaro ya huko juu, vyote vina njia ya kushukia bwawani.

Katika bwawa lenye jua kali na mbolea nyingi, mimea midogo ya majini, ile inayoyageuza maji kuwa ya kijani, hustawi. Kwa hiyo mtambo wa kusafisha maji una kazi ngumu. Kwa kawaida mtambo wa namna hiyo hufanya kazi kwa ngazi. Kwanza maji hutiwa dawa ya kugandisha, kama ile shabu ambayo akina mama wameitumia nyumbani tangu zamani, ili chembe ndogo zisizoweza kutua zishikane na kuwa mabonge. Kisha maji hutulizwa, mabonge yakazama. Baadaye hupitishwa katika mchanga, ambao hunasa yaliyobaki. Mwisho hutiwa klorini ya kuua vijidudu, na kiasi kidogo cha klorini huachwa kiendelee kuyalinda maji yakiwa njiani. Shirika la Afya Duniani hutaka isipungue miligramu 0.2 katika kila lita yanapofika bombani. Klorini ikikosekana mwishoni mwa bomba, mtambo ulio mbali kilomita nyingi hauna ulinzi tena juu ya maji hayo.

Liko tatizo jingine ambalo mchanga na klorini haviliwezi. Miamba ya volkeno ya Meru na Kilimanjaro hutoa madini ya floridi. Kidogo chake hufaa meno. Kikizidi, meno huwa ya kahawia, na kikizidi sana mifupa hupinda. Kiwango kinachokubalika sasa nchini ni miligramu 1.5 kwa lita. Wakazi wengi wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro wamekunywa maji yaliyopita kiwango hicho kwa mbali. Ni jambo la kujivunia kwamba dawa ya tatizo hili imetafutwa hapa hapa nchini. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, wataalamu wamekuwa wakichoma mifupa ya ng'ombe kwa moto unaodhibitiwa, hata ikawa makaa yenye uwezo wa kuinasa floridi. Chujio la ndoo lenye makaa hayo huweza kuwekwa nyumbani au shuleni. Mifupa iliyokuwa takataka ya machinjioni imekuwa kinga ya meno ya watoto. Kwa mji unaokunywa maji ya mito ya volkeno, kupima floridi mara kwa mara si anasa ya maabara.

Je, kazi yote hii ya kuchuja ina faida inayoonekana? Historia imekwisha kujibu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani, mji uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Watu wapatao 8,600 walikufa. Pembeni yake, mipaka ikigusana, ulikuwapo mji wa Altona. Altona ulichota maji ya mto huo huo, tena chini zaidi, baada ya mto kupokea uchafu wa Hamburg. Lakini Altona ulikuwa unayapitisha maji yake polepole katika mchanga, na kwa sehemu kubwa ukanusurika. Katika mitaa ya mpakani, upande mmoja wa barabara ulizika na upande wa pili ukapona. Kilichowatenganisha hakikuwa dini, mali wala hali ya hewa. Kilikuwa mchanga uliotunzwa vizuri.

Same leo ni Altona. Unakunywa chini ya wengine, na usalama wake umo katika mtambo. Lakini kisa hicho kina upande wa pili ambao husahaulika: Altona ulihitaji kinga kwa sababu Hamburg ulikuwa unamwaga uchafu mtoni. Kila mji huwa Altona kwa walio juu yake, na huwa Hamburg kwa walio chini yake. Majitaka ya Same yakipata mvua na mkondo, huelekea bonde lile lile la Pangani, ambako wako watu wengine wanaochota.

Ndipo inapoanza safari ya pili. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila lita 10 za maji zinazoingia katika nyumba, zipatazo 8 hutoka zikiwa chafu. Mtu anayechota kwa ndoo hutumia lita 20 kwa siku, wala hazimshindi kuzimwaga: za kuoshea vyombo humwagiwa mgomba, za kufulia hunyunyiziwa ua. Bomba likiingia ndani, matumizi hupanda hadi lita 50 na zaidi. Chukua mji wa watu 20,000 wenye mabomba. Kwa lita 50 kila mtu, mji huo hutumia lita milioni moja kwa siku, na hutoa majitaka lita 800,000. Kama yote hayo yangechukuliwa na magari ya kunyonya yenye tangi la lita 8,000, zingehitajika safari 100 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ni mji gani mdogo wa Tanzania wenye magari ya kutosha safari 100 kwa siku?

Kwa kuwa hayachukuliwi, hukaa. Same, kama ilivyo miji mingi midogo nchini, hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Mashimo hayo yalichimbwa wakati wa ndoo. Yalipokea kinyesi na maji kidogo, na ardhi kavu iliyazunguka ikayanywa. Choo cha kuvuta maji kikifungwa juu ya shimo lile lile, shimo hujaa kwa miezi badala ya miaka. Mwenye nyumba mwenye fedha huliita gari. Asiye na fedha hungoja usiku wa mvua, akalitoboa, ili mafuriko yamchukulie mzigo wake hadi mlangoni kwa jirani. Aidha, yale yanayozama ardhini hayapotei. Huyatafuta maji ya visima vifupi na kuyaingiza nitrati na vijidudu. Hivyo mji huweza kupata maji safi bombani, na wakati huo huo ukaharibu visima ambavyo vingekuwa akiba yake siku umeme wa pampu utakapokatika.

Kipindupindu si hadithi ya Hamburg tu. Mwezi Agosti 2015 kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar. Hakikufuata umaskini peke yake. Kilifuata mahali ambapo kinyesi na maji ya kunywa vilikutana.

Wako watakaosema kwamba mji mdogo ulioko nyikani hauwezi kujenga mabomba ya majitaka kama ya London. Wanasema kweli. Mabomba makubwa chini ya kila mtaa ni ghali, nayo huhitaji maji mengi ya kusukuma uchafu, ilhali Same ni mahali pa kuhesabu kila ndoo. Lakini kutoka katika ukweli huo hadi kusema kwamba hakuna la kufanya, ni kuruka mto mzima. Ziko njia ambazo Afrika Mashariki imekwisha kuzijaribu kwa mikono yake yenyewe.

Ya kwanza ni mabwawa ya kutibu majitaka. Ubora wake ni kwamba mfanyakazi wake mkuu ni jua, na jua la Same halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Majitaka huingia kwanza katika bwawa lenye kina kirefu, ambamo uchafu mzito huzama na kuozeshwa na vijidudu visivyohitaji hewa. Kutoka hapo huenda katika bwawa pana lenye kina cha mita moja na nusu hivi, ambamo mimea midogo ya kijani hutengeneza oksijeni kwa nuru ya jua, na vijidudu vingine huitumia kuula uchafu uliobaki. Mwisho huingia katika mabwawa ya kina kifupi, ambamo jua na muda huvimaliza vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo hutua chini. Hakuna pampu wala dawa. Kinachotakiwa ni hekta chache za ardhi, kukata majani kingoni na kuondoa tope kila baada ya miaka kadhaa. Moshi, jirani wa Same, una mabwawa ya namna hiyo eneo la Mabogini, na wakulima wa huko wameyatumia maji yatokayo humo katika mashamba ya mpunga.

Ya pili ni vitalu vya matete. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakijenga mashimo mapana ya kina kifupi, yaliyojazwa kokoto na kupandwa matete, ambamo majitaka hupita chini ya kokoto bila kuonekana wala kunuka. Mizizi ya matete na vijidudu vilivyoishikilia hufanya kazi ya mtambo. Njia hii huzifaa hasa taasisi: shule ya bweni, chuo cha ualimu, hospitali, gereza. Kila taasisi hujitibia uchafu wake pale pale unapozaliwa, bila kungoja bomba la mji.

Ya tatu ni utunzaji wa tope la vyoo. Mji unaotegemea mashimo hauna budi kuwa na mahali pa kupeleka kinachonyonywa. Gari likikosa mahali hapo, litamwaga korongoni gizani. Vitanda vya mchanga na kokoto vya kukaushia tope hujengwa kwa vifaa vya kawaida, na tope lililokaushwa na kuozeshwa ipasavyo hurudi shambani kama mbolea. Katika nchi kavu kama Same, ambayo jua hukausha kwa upesi, kazi hii ni rahisi kuliko Dar es Salaam yenye unyevu.

Na ya nne ni kuyatumia tena maji yenyewe. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ulio katika nchi kavu kuliko Same, umekuwa tangu mwaka 1968 ukiyasafisha majitaka yake hadi kuwa maji ya kunywa. Same hauhitaji kufika huko. Yatosha kwamba maji yaliyotibiwa yakuze miti ya kuni, malisho na mbao pembezoni mwa mji, mahali ambapo sasa kila mti unaokatwa hauna wa kuchukua nafasi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huruhusu maji ya namna hiyo kumwagiliwa, ikiwa yai la minyoo halizidi moja katika lita, na unawaasa watu wasiyamwagilie mboga zinazoliwa mbichi. Kwa nyika inayongoja mvua mbili kwa mwaka, vuli na masika, mto mdogo usiokauka ni mali. Yule mjenzi wa ndiva, aliyeyafanya maji ya usiku kuwa ya mchana, angelielewa jambo hili kabla ya mtaalamu kumaliza kulieleza.

Kinyume cha hayo nacho kina mfano wake. Mjini Kampala, kinamasi cha Nakivubo chenye mafunjo kilikuwa kinayachuja bure majitaka ya mji kabla hayajaingia katika ghuba ya Ziwa Viktoria, ghuba ile ile ambayo mji huchota maji yake upande wa Ggaba. Mwaka baada ya mwaka kinamasi hicho kililimwa na kujengwa. Maji ya ghuba yakachafuka, gharama ya kuyasafisha ikapanda, na hatimaye mtambo mkubwa wa majitaka ukajengwa kwa fedha nyingi kufanya sehemu ya kazi ambayo mafunjo yalikuwa yakiifanya. Mji uliojinyima kinamasi chake ulikinunua tena kwa bei ya saruji na chuma.

Somo la Kampala kwa Same ni moja: ardhi. Leo, mabomba yakiwa mapya na nyumba zikianza tu kuyafuata, kiko kiwanja chini ya mji, upande ambao maji hushukia, kinachofaa kutengwa kwa ajili ya mabwawa na vitanda vya tope. Kukitenga hugharimu ramani, mhuri na uthabiti wa watumishi wa ardhi na wa halmashauri. Baada ya miaka 15 kitakuwa kimejaa nyumba, na fidia peke yake itaupita ujenzi wenyewe. Uamuzi wa bei nafuu kuliko yote katika usafi wa mji hufanywa mezani, kabla ya tofali la kwanza.

Sheria haina kizuizi. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 imeziweka kazi zote mbili katika mikono ile ile, na kila mamlaka ya mji hubeba maneno yote mawili katika jina lake: maji, na usafi wa mazingira. Lakini neno la kwanza ndilo hupewa fungu, magari na utepe wa kukatwa. La pili mara nyingi hubaki kwenye kibao cha lango.

Wala isidhaniwe kwamba fedha ndiyo jibu la yote. Mwaka 1971 taifa liliazimia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Visima vingi vilichimbwa na pampu nyingi zikafungwa kwa msaada wa nchi rafiki. Ulipofika 1991, sehemu kubwa ya pampu hizo zilikuwa kimya: moja ilikosa dizeli, nyingine kipuri, nyingine mtu wa kuitia grisi. Hata leo, katika mamlaka nyingi za miji nchini, zaidi ya theluthi moja ya maji yaliyosafishwa kwa gharama hupotea njiani kwa kuvuja, kwa mita mbovu na kwa wizi. Kila lita inayopotea ilikwisha kulipiwa umeme wa kupandishwa mlimani. Ndiva zilidumu vizazi kwa sababu mwenye zamu alikuwa pia mwenye jembe la kuzibua. Bomba ambalo wananchi wanaliona kuwa ni la Serikali, na Serikali inaliona kuwa ni la mamlaka, halina mwenye jembe.

Hapa ndipo kazi ya walimu na ya watumishi inapokutana. Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa redio, vitabu vidogo na vikundi vya kujisomea, watu wapatao milioni mbili walijifunza jinsi maradhi yanavyoenea, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu katika majira machache. Miongoni mwa waliokuwa wakisoma kwa sauti katika vikundi vile, walimu nao walikuwamo. Kampeni ile ilifundisha kuchimba shimo. Kizazi cha sasa kinahitaji kufundishwa linalofuata: shimo likijaa, kilichomo kiende wapi. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuchuja maji ya tope kwa chupa, mchanga na kokoto, akaona kwa macho yake. Anaweza kuhesabu lita zinazotumiwa na shule yake kwa siku na kuuliza zinaishia wapi. Swali hilo likiulizwa na mtoto mezani, baba yake hatalikwepa kwa urahisi kama anavyolikwepa likiulizwa na bwana afya.

Kwa mtumishi wa umma, wajibu ni wa kila siku na hauna sherehe. Anayepitisha ramani ya nyumba aulize karo liko wapi na liko umbali gani na kisima cha jirani. Anayesimamia mapato ya maji ahakikishe kwamba sehemu fulani, hata ikiwa ndogo, inawekwa kwa ajili ya majitaka. Anayepima maji apime mwisho wa bomba, si mlangoni kwa mtambo tu, na matokeo yabandikwe mahali ambapo wananchi watayasoma. Na madiwani, wakiulizwa na wapiga kura kuhusu bomba, wajizoeze kujibu pia kuhusu karo, ingawa karo halimpatii mtu kura.

Ndugu walimu na watumishi, wazee wa Upare hawakuisifu ndiva kwa kujaa. Maji yaliyojaa hata kidimbwi cha mvua huwa nayo. Waliisifu ndiva kwa sababu ilijua kuyapokea maji na kuyatoa kwa utaratibu, hata shamba la mwisho la mtu wa chini likapata chake bila kuzolewa. Same sasa umeipata ndiva kubwa kuliko zote zilizopata kuchimbwa katika milima hii, na mlango wake wa kuingilia umekwisha kufunguliwa mbele ya taifa zima. Mlango wake wa kutokea bado haujachimbwa. Mbiu ya msaragambo ipigwe sasa, ardhi ikiwa bado iko wazi na mashimo yakiwa bado hayajafurika.